Maswali Yenu: Setilaiti Yaonaje Shamba Lenye Minazi?

Salaam wasomaji. Mwezi huu simu ya jarida imejaa maswali ya kitu kimoja, zile picha za mashamba zinazopigwa na setilaiti kutoka angani, watu wataka kujua kama kweli zaweza kutuongezea mavuno na kutupunguzia njaa au ni mambo ya semina za hotelini tu. Nimechagua yale yatakayofaa wengi, mengine nimeyafupisha, na pale penye mambo nimejibu kwa urefu.

*Hujambo mhariri. Mimi nauza mboga Kongowea, shamba sina, nakaa Kisauni nyumba ya kupanga. Kwa redio ni setilaiti setilaiti, wakulima wataambiwa hivi na vile. Sisi tunaonunua kwa lori twafaidika na nini? Ile miaka ya ukame bei ilikuwa yapanda na sisi twaijulia pale pale lori linapofunguliwa turubali. – Mama Mboga, Kongowea*

Sijambo dada yangu. Swali lako nimeliweka la kwanza makusudi, kwa sababu haya mambo huzungumzwa kana kwamba ni ya mkulima peke yake na mji wasahauliwa. Mombasa twala vitu visivyoota Mombasa. Vitunguu vingi vyatoka Tanzania, nyanya Loitokitok na Taveta, mboga zashuka kutoka Wundanyi, maembe Kilifi na Tana River, na mahindi ya unga ni ya bara huko Bonde la Ufa. Mvua ikikosa mahali ambapo hujawahi kufika ata siku moja, wewe utaiona kwa bei ya kreti. Sasa kazi ya setilaiti ni kuuona huo upungufu wakati mmea ungali shambani, yaani wiki nyingi kabla lori halijapakia.

Kuna kipimo waita VCI. Wanachukua ukijani wa mimea wa mwezi huu katika eneo fulani, wanaulinganisha na mwezi kama huu wa miaka yote ya nyuma walonayo kwenye kumbukumbu, mwaka ulokuwa mbaya kabisa wapewa 0 na ulokuwa mzuri kabisa wapewa 100, alafu waangalia mwaka huu umeangukia wapi kati ya hapo. Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23 za maeneo makavu, na huku kwetu zimo Kilifi, Kwale, Lamu, Tana River na Taita Taveta. Namba ikiwa kati ya 35 na 50 ni hali ya kawaida, ikizidi 50 ni neema, ikishuka chini ya 35 ukame umeanza, chini ya 20 umekuwa mkali, na chini ya 10 ni ule wa kuua mifugo. Ni namba hii hii pia inayosaidia kuamua pesa za dharura zitolewe lini, kwa iyo si namba ya kupamba ripoti.

Mombasa yenyewe haimo kwenye hizo 23, ni sawa kwa sababu si eneo kavu, lakini maana yake ni kwamba hakuna taarifa itakayokuja na jina la Mombasa juu yake, lazima tusome za majirani. Taarifa ziko mtandaoni bure, mwambie kijana wako wa nyumbani akufungulie kwa simu, mtafute ukurasa wenye ramani za rangi. Ukiona Kilifi na Taita Taveta zashuka pamoja miezi miwili mfululizo, hapo anza kuwauliza wenye malori wana mpango gani wa kupata mzigo kwingine, na chama chenu kikiwa na akiba, nunueni maharagwe na mahindi makavu kabla kila mtu hajakimbilia.

Ule ukame unaousema, misimu 5 ya mvua ilikosa mfululizo, kuanzia vuli ya 2020 mpaka vuli ya 2022, na kufikia mwisho wa 2022 Wakenya zaidi ya milioni 4 walikuwa wahitaji msaada wa chakula. Setilaiti ziliona, taarifa zikatoka mwezi baada ya mwezi, lakini wewe uliyeko Kongowea ukaja kujua kwa turubali la lori, na hilo mimi laniuma sana kwa sababu taarifa ile ilikuwa ni haki yako. Alafu kuna la pili. Mtandao mkubwa wa kutabiri njaa, FEWS NET, waliuanzisha Wamarekani 1985 baada ya ile njaa kubwa ya Ethiopia, na sisi wote tukauzoea, mwanzoni mwa 2025 Marekani ikasitisha misaada na mtandao ukazimwa kwa miezi kadhaa. Nafikiri hilo lilitosha kutuonyesha kwamba kazi hii yapaswa kuwa mikononi mwetu, kwa pesa zetu, na kwa lugha ambayo muuza mboga aielewa.

*Assalam aleikum. Nina ekari 2 Kaloleni, mahindi na kunde chini ya minazi alotuachia babangu. Juzi barazani kijana mmoja akasema setilaiti yaweza kuniambia mahindi yangu yaumwa wapi kabla mimi sijaona. Mimi naingia shambani kila asubuhi. Itaona nini nisichokiona? Na itaonaje chini ya mnazi? – Mwenye ekari mbili, Kaloleni*

Waaleikum salaam mzee wangu, na shikamoo. Kijana amesema kweli lakini amekupa nusu.

Tuanze na inachoona. Jani la mahindi lenye afya hula mwanga mwekundu wa jua, huo ndio lautumia kujitengenezea chakula. Kuna mwanga mwingine macho yetu hayauoni, waitwa infraredi ya karibu, huo jani halina kazi nao, laurudisha juu kwa wingi. Jani likikosa maji au mbolea mambo yageuka, mwekundu unaorudi waongezeka na infraredi yapungua. Setilaiti hupima zote mbili, alafu wataalamu wana hesabu moja rahisi, infraredi toa nyekundu, ugawe kwa jumla yao, jibu ndilo hiyo NDVI mnayoisikia. Tuseme mahindi yarudisha infraredi asilimia 50 na nyekundu asilimia 8, wapata 42 kugawa kwa 58, kama 0.72, hapo yako vizuri. Yakiwa infraredi 35 na nyekundu 15, wapata 20 kugawa kwa 50, yaani 0.4, na kama ni wakati ambao yalitakiwa yawe yamefunga shamba basi kuna jambo. Mchanga mtupu huwa kwenye 0.1 au 0.2 hivi. Na kweli, mabadiliko haya mara nyingine hujitokeza kabla jani halijageuka manjano, hapo kijana hakukudanganya.

Sasa ukubwa, na hapa ndipo wengi huuziwa maneno. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ya kwanza ilirushwa 2015 na ya pili 2017, mbili zikifanya kazi pamoja hupita juu ya Kaloleni kila baada ya siku 5, na picha yao imegawanyika vipande vya mita 10 kwa mita 10. Ekari ni mita za mraba 4,047, kwa iyo ekari yako moja ni vipande kama 40. Ekari zako 2 zikiwa za mraba ni kama mita 90 kwa 90, vipande 81, lakini vya pembeni 32 vimechanganyika na ua, njia na shamba la jirani, vya kuaminika vyabaki 49. Ukitumia Landsat ya Marekani, kipande chake ni mita 30, shamba lako lote ni vipande 9 na kilichokaa ndani kabisa ni kimoja. Na kile chombo cha MODIS kipande chake ni mita 250, hiyo ni ekari 15 na zaidi, humo wewe na majirani zako mumekuwa namba moja. Ni sawa na kuitazama leso ya mtu alosimama ng'ambo ya kivuko, rangi waiona, jina la leso husomi. Basi mtu akija akwambia nimeliangalia shamba lako kwa setilaiti, swali lako la kwanza liwe, kipande chako ni mita ngapi?

Kuhusu minazi umegusa penyewe ata wataalamu hupata tabu. Mnazi ni kijani kiangazi na masika, kwa iyo kipande chenye mnazi juu na mahindi chini chaweza kuonyesha namba nzuri na huku mahindi yashakauka zamani. Ukililinganisha shamba lako na la mwenzio asiye na minazi utapotea kabisa. Njia ya kukwepa ni kulilinganisha shamba na lenyewe, kipande kile kile, majira yale yale, mwaka huu na mwaka jana na mwaka juzi. Mnazi haubadiliki sana kutoka mwaka hadi mwaka, kinachobadilika sana ni cha chini yake, basi tofauti unayoiona sehemu kubwa ni mahindi na kunde. Minazi ikiwa imebanana mpaka makuti yameshikana mimi ningekwambia achana na picha, tembea tu.

Ile nusu ambayo kijana hakukupa ni kwamba setilaiti haijui sababu. Itakuonyesha kona ya chini kule bondeni imefifia, haitakwambia ni maji yametuama, ni mchwa, ni mbuzi wa watu au ni udongo umechoka. Hapo ndipo miguu yako ya kila asubuhi ina thamani kuliko mtambo wowote. Nenda kwenye kona ile uangalie majani ya chini: manjano yakianzia ncha na kushuka katikati ya jani kwa umbo la V ni upungufu wa naitrojeni, kingo zikiungua ni potasiamu, na mahindi machanga yakiwa na rangi ya zambarau mara nyingi ni fosforasi. Ng'oa mmoja uone mizizi, ikiwa imepinda kwenda pembeni basi udongo wa chini ni mgumu na mbolea peke yake haitasaidia. Ukishajua, ule mfuko mmoja wa mbolea uloupata kwa taabu waupeleka panapohitaji badala ya kuumwaga sawa sawa shamba zima, na mavuno yaongezeka hapo, mfuko ule ule ukafanya kazi zaidi.

Umeuliza itaona nini usichokiona wewe. Kumbukumbu, mzee wangu. Wewe unaliona shamba la leo kuliko yeyote, lakini picha za Sentinel zimehifadhiwa tangu 2015 na za Landsat tangu 1972, kwa iyo twaweza kujua kama kona ile imeanza kudhoofika mwaka huu au imekuwa ikidhoofika pole pole miaka 10, na dawa ya hayo mawili si moja. Mtafute afisa wa kilimo wa wadi yako, au kijana mwenye kompyuta, akutolee picha za Mei na Juni za miaka yote atakayoipata, bure, kisha mketi nazo pamoja maana wewe ndiye unayejua mwaka gani ulilima nini.

*Je setilaiti yaweza kuona viwavijeshi? – Mkulima, Msambweni*

Kiwavi chenyewe hapana. Hawa wa kisasa walifika Kenya 2017, hujificha ndani ya moyo wa mmea wa mahindi na hula usiku, na picha itakapoonyesha shamba limefifia kwa sababu yao utakuwa ushachelewa kupiga dawa. Pita kwenye mistari asubuhi mapema mara 2 kwa wiki tangu mahindi yana wiki 2 au 3, fungua moyo wa mmea, angalia vitobo vidogo na kinyesi kinachofanana na unga wa mbao. Mayai ukiyaona chini ya jani yaponde kwa mkono. Mambo haya hayasubiri siku 5 za setilaiti kupita.

*Mimi ni mtu mzima sasa, nilikuwa mvuvi. Nauliza, hizi setilaiti ni za nani? Watu wa mbali wapiga picha ardhi yetu na sisi twashangilia. Watatujua mpaka vyakula vyetu viko wapi. Na Kenya tuna yetu? – Ami wa Likoni*

Ami, shikamoo. Wasiwasi wako ni wa haki na sitaupuuza. Hizi nilizozitaja, Sentinel ni za Umoja wa Ulaya na Landsat ni za Marekani. Kwa kipande cha mita 10 mtu haonekani, ngalawa ndogo haionekani vizuri, nyumba yako itakuwa doa. Ziko nyingine za makampuni ya biashara zinazoona vitu vya chini ya mita 1, hizo picha zake zauzwa. Lakini upande wa pili wa neno lako ni mkubwa zaidi kwangu: mwenye kununua mahindi duniani anaweza kujua mavuno ya Afrika Mashariki yatakuwaje kabla ya mkulima mwenyewe, kwa sababu yeye anazisoma hizo picha na mkulima hazisomi. Landsat zilikuwa zauzwa mamia ya dola picha moja mpaka zilipofanywa bure 2008, na za Ulaya ni bure tangu mwanzo. Picha za ardhi yetu ziko wazi kwa dunia nzima, sisi pekee ndio hatujazifungua, na mimi naona huo ndio unyonge wa kuondoa kwanza.

Ya Kenya ipo. Taifa-1 ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California, kwa roketi ya Falcon 9, ni setilaiti ndogo mno, waweza kuibeba mkononi, na ilitengenezwa kwa nia ya kuangalia mashamba, misitu na maji. Iko chini ya Shirika la Anga za Juu la Kenya. Moja ndogo kama ile haitoshi nchi, lakini vijana wetu wamejifunza kazi ndani yake. Na wewe uliyevua bahari hii nadhani wakumbuka kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walikuwa na kituo baharini cha San Marco, na tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa pale setilaiti ikapewa jina Uhuru kwa sababu ilikuwa ni siku ya uhuru wetu. Ile ilikuwa ya kuchunguza nyota, si mashamba. Lakini Pwani hii haikuanza leo kuingia kwenye habari za anga.

*Nilikata bima ya ng'ombe inayolipa kwa setilaiti. Ukame umekuja ng'ombe wangu 6 wamekufa, nikaambiwa eneo letu halijafika kiwango cha kulipwa kwa sababu setilaiti imeona kijani. Kijani gani? Ni mathenge! Nimeibiwa au ndivyo ilivyo? – Mfugaji, Garsen*

Pole sana ndugu yangu, pole kwa hasara ya ng'ombe, na pole kwamba hakuna aliyekueleza haya kabla hujatoa pesa yako.

Bima ya aina hii ilianza Marsabit 2010, waliibuni watafiti wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI pale Nairobi, na baadaye Wajir ikatolewa kwa njia ya takaful, yaani bima ya Kiislamu. Mpango wake ni huu: hakuna mtu anayekuja kuhesabu mizoga. Wanapima ukijani wa eneo zima, ukishuka chini ya kiwango mlichoandikiana basi kila mwenye bima eneo lile analipwa, aliyefiwa na asiyefiwa. Uzuri wake ni kwamba ni rahisi kuendesha, haina ubishi wa kumtafuta daktari wa mifugo aje porini, na ikipangwa vizuri pesa huingia mapema ununue chakula na maji ng'ombe angali hai. Kwa nia hiyo naiunga mkono kabisa.

Ubaya wake umekupata wewe. Setilaiti hupima ukijani, haipimi malisho. Mathenge, ule mti wa miiba uloenea porini, ina mizizi ya kwenda chini kabisa, hubaki kijani nyasi zote zikiisha, na majani yake mifugo haiyataki. Ongeza na msitu wa kando ya mto Tana ambao hunywa maji ya mto mvua inyeshe isinyeshe. Sehemu kama yako ikiwa na mathenge nyingi na ukanda wa mto ndani ya mpaka mmoja wa bima, wastani unapanda juu na nyasi zimekwisha. Kwa iyo huenda hesabu yao haina wizi ndani yake, ila kilipimwa kitu asichokula ng'ombe wako.

Cha kufanya ni kwenda kama kikundi, si peke yako, muombe kwa maandishi muonyeshwe ramani ya eneo mlowekwa humo, namba iliyopatikana msimu ule, na kiwango cha kulipa. Inawezekana kuyatoa maeneo ya mathenge na misitu kwenye hesabu, yakabaki ya nyasi tu, ni kazi ya kompyuta na ya watu wachache kwenda kuhakikisha kwa miguu, na wafugaji wa Garsen wanajua mathenge imeshika wapi kuliko mtu yeyote. Wakikataa ata kuwaonyesha ramani, malalamiko ya bima hupelekwa kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA. Na kabla ya kukata tena, uliza malipo huja mwezi gani, maana yakija baada ya mizoga hayo ni rambirambi.

*Masika kwetu ni mawingu tu kuanzia Aprili mpaka Juni. Setilaiti itaona nini? – Matuga*

Hizi za kupiga picha kwa mwanga wa jua hazioni kupitia wingu, na kwa bahati mbaya mahindi yetu hukua wakati huo huo. Ndio maana zile siku 5 kwa vitendo zaweza kuwa wiki 3 au 4 bila picha safi. Hapo hutumika Sentinel-1, hiyo ni ya rada, hutuma mawimbi yake yenyewe chini na kupokea yanaporudi, wingu na giza si kitu kwake. Picha zake ni ngumu kuzisoma, lakini kwa kuona maji yalotuama na mafuriko hakuna kama hiyo, mashamba ya bonde la mto Tana yalipozama kwenye mvua za El Nino mwisho wa 2023, ni rada iliyoweza kuona chini ya mawingu yale.

*Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa 3, nasomea mambo ya mazingira. Nataka kufungua biashara ya kuwauzia wakulima ripoti za setilaiti, na nikipata pesa ninunue droni. Nianzie wapi? – Mwanafunzi, Tudor*

Mwanangu, hongera kwa kufikiria kazi badala ya kuisubiri. Kujifunza ni bure ukiwa na laptopu na bando. Copernicus Browser yafunguka ata kwa simu, utaziona Sentinel za wiki hii na za nyuma na NDVI yake ishapigwa hesabu. QGIS ni programu ya ramani isiyo na malipo. Google Earth Engine yakuwezesha kuchambua miaka yote bila kupakua chochote, bure kwa masomo na utafiti, lakini ukianza biashara masharti yake hubadilika, yasome. Na kule Kasarani Nairobi kuna kituo cha RCMRD kilichoanzishwa 1975 kwa kazi hii hii kwa nchi za ukanda wetu, hutoa mafunzo, waandikie.

Lakini kabla ya hayo yote nakuomba jambo moja. Chagua mashamba machache pale Kaloleni au Matuga, nenda kwa miguu, uzunguke mipaka na simu ukichukua alama za GPS, uandike kila shamba lina nini, limepandwa lini, lina minazi mingapi, na wakati wa kuvuna upime magunia mwenyewe. Daftari hilo ndilo ambalo Ulaya na Marekani hawana. Picha kila mtu anazo, ukimuuzia mkulima picha ambayo ni bure siku akijua hutarudi kijijini kwake. Muuzie safari yako ya shambani na ushauri wa nini cha kufanya Jumatatu asubuhi, na umuandikie kwa lugha yake, bila ramani yenye rangi 12 asizozijua. Ekari 2 haziwezi kukulipa mshahara, kwa iyo fanya na vikundi, vyama vya ushirika au wanunuzi wa korosho na maembe wanaotaka kujua mzigo utakuwaje.

Droni isubiri. Kenya lazima upate ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA, kununua, kumiliki na kurusha, sheria zake ni za 2020, na Mombasa yetu ina uwanja wa ndege na jeshi la majini, mtu hurushi tu. Utakuja kuihitaji siku moja lakini si kwa kuanzia.

*Mwaka jana nilipanda mvua ya kwanza tu, ikakata wiki 2, mbegu zikafa, nikanunua tena. Setilaiti yaweza kuniambia lini nipande? – Lunga Lunga*

Setilaiti yasema mvua ilonyesha, ya kesho ni kazi ya utabiri, usivichanganye. Kuna data yaitwa CHIRPS, huchanganya joto la juu ya mawingu linalopimwa na setilaiti pamoja na vipimo vya mvua vya ardhini, ina kumbukumbu tangu 1981 kwa vipande vya kama kilomita 5. Hiyo yafaa kwa kukuonyesha kwamba eneo lako, miaka mingi, mvua ya kweli hushika wiki gani, na ni mara ngapi imeanza ikadanganya kama ilivyokufanya wewe. Muombe afisa wa kilimo akutolee. Kwa mbele, sikiliza utabiri wa msimu wa Idara ya Hali ya Hewa, hutoka kabla ya masika na kabla ya vuli, na ule wa siku 7.

Kanuni inayotumika sana ni kusubiri mvua ya milimita 20 au zaidi ndani ya siku 3 na utabiri usionyeshe ukavu mrefu mbele. Milimita 20 kwa ekari moja ni lita 80,000 hivi za maji, hayo yaweza kuiotesha mbegu na kuishikilia mpaka mvua ya pili. Kuzipima, chukua kopo la bati lenye kuta zilizonyooka na mdomo sawa na kitako, liweke uwanjani mbali na miti na paa, kila asubuhi uchovye rula, urefu wa maji ndio milimita zako, andika tarehe, mwaga, rudisha. Usipande shamba zima siku moja, panda nusu, nyingine wiki inayofuata, na upande wako wa Lunga Lunga mbegu za muda mfupi zafaa, waulize watu wa shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, pale Mtwapa ipi wanayo msimu huu. Hilo daftari la kopo ukimpa afisa wako kila mwezi atakushukuru, maana vipimo vya mvua vya ardhini huko mpakani ni vichache na CHIRPS yenyewe huvihitaji ili isahihishwe.